Tangazo lililofungwa ndani ya picha halijafika kwa raia wote

Vijana wenzetu wa Likasi, Kikula, Panda na Shituru,

Sisi wote tunajua namna matangazo ya leta yanatufikia. Karatasi inatiwa sahihi na muhuri, inapigwa picha, inatumwa kwa WhatsApp na Facebook. Kisha wanasema raia wamejulishwa. Sisi tunasema: si raia wote.

Juu ya nini? Juu tuko na wenzetu wasioona, na wao pia wanatumia telefone. Ndani ya Android kuna programu inaitwa TalkBack, ndani ya iPhone kuna VoiceOver. Inasoma kwa sauti maandishi yaliyo kwenye skrini. Lakini ikikuta picha ya karatasi, mara nyingi inasema tu "picha" na kupita. Habari ya chanjo, ya mitihani ao ya kukatwa maji inabaki humo ndani.

Dawa iko tangu zamani. W3C, shirika lenye kutunga kanuni za mtandao kwa dunia nzima, lilitoa kanuni za WCAG mwaka 1999, na toleo la 2.2 lilitoka Oktoba 2023. Zinaomba mambo ya kawaida: picha ielezwe kwa maneno, video iwe na maandishi, ukurasa uwe na vichwa vilivyopangwa, rangi ya maandishi iachane vizuri na rangi ya nyuma, kiungo kiseme kinakupeleka wapi.

Jambo hili linamhusu hata mwenye macho mazima. Google nayo haina macho. Inapitisha programu yake kwenye kurasa, inasoma maandishi, vichwa, viungo na maneno yanayoeleza picha. Ukurasa uliopangwa vizuri kwa asiyeona, Google nayo inauelewa vizuri. Tangazo la picha bila maneno linapatikana kwa shida. Na ndani ya kundi lenu la WhatsApp, Google haiingii kabisa. Njo maana unaweza kutafuta tangazo la mwaka jana mpaka mega ziishe.

Lakini tusidanganyane. Ukisikia mtengenezaji wa tovuti anaahidi kwamba kufuata WCAG peke yake kutakupandisha mpaka nafasi ya kwanza, usimwamini. Google inapima mambo mengi, na kubwa ni kama ukurasa unajibu swali la mwenye kutafuta. Kuonekana kwa Google ni faida ya ziada. Msingi ni haki. Kesho Google ikibadili mahesabu yake, mwenzetu asiyeona atabaki raia.

Na haki hiyo imeandikwa. Katiba ya 2006, kifungu cha 24, inampa kila mtu haki ya kupata habari. Mwaka 2015 inchi yetu iliingia katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu, na kifungu chake cha 9 kinataja intaneti wazi. Kisha ikaja sheria n° 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022, ya kulinda na kukuza haki za watu wenye kuishi na ulemavu. Karatasi tuko nazo. Kinachokosekana ni kazi.

Kwa hiyo tunaomba:

1. Ofisi zote za leta hapa Likasi zitoe kila tangazo kwa maandishi ya kawaida pia, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili.

2. Vijana wenye kutengeneza tovuti wawashe TalkBack, wafunge macho, na wajaribu kazi yao mbele ya kuitoa.

3. Wenzetu wenye kuishi na ulemavu waitwe kupima tovuti za leta, na walipwe kwa kazi hiyo.

Sisi wenyewe tunajifunga: kila tamko letu ni maandishi, na kila picha tunayotuma itaelezwa kwa maneno.

Nawe usingoje leta. Ukipokea tangazo la picha, andika chini yake maneno yaliyomo, njo ulitume. Ni dakika chache, na maandishi yanakula mega kidogo kuliko picha. Mwenzako asiyeona atasikia. Mama mwenye telefone ndogo naye atasoma.

Habari ya leta ni mali ya raia. Ifunguliwe!