Nywele za Mzazi na Mzizi wa Kichina

Mwezi huu tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu huliona tukiwa peke yetu mbele ya kioo. Mtoto ametimiza miezi mitatu, ananyonya vizuri, ameanza kucheka. Lakini mama akichana nywele asubuhi anakuta kitana kimejaa. Akiosha kichwa, nywele zinaelea ndani ya beseni. Pembeni mwa uso, juu ya masikio, ngozi ya kichwa imeanza kuonekana. Wako wanaodhani wamepatwa na ugonjwa mkubwa, na wako wanaomshuku jirani. Siku hizi pia wako wanaokimbilia dukani kununua dawa ya Kichina ya kuotesha nywele, ile yenye picha ya mwanamke aliyeachia nywele nyeusi mpaka kiunoni.

Kwa kuwa dawa hizo zimefika mitaani kwetu, yafaa tujue Wachina wenyewe wanafundisha nini juu ya nywele. Mafundisho yao ni ya kale sana na si yote ya kutupwa. Wala si yote ya kumezwa.

Katika tiba yao ya jadi, nywele huhesabiwa kuwa ni salio la damu. Maana yake, damu hulisha kwanza viungo vya ndani, na kinachobaki ndicho hupanda kichwani kulisha nywele. Mwanamke akipungukiwa damu, nywele ndizo za kwanza kunyimwa, kama vile nyumba iliyopata shida inavyoacha kununua mapazia kabla ya kuacha kununua unga. (Fikra hiyo imeingia hata katika maduka yao ya dawa: nywele za binadamu husafishwa, zikachomwa zikawa mkaa, na mkaa huo hutumiwa kuzuia kutokwa damu. Hilo tunalitaja tu kwa ajabu yake. Mama anayetokwa damu baada ya kujifungua apelekwe hospitali mbio.)

Kiungo kingine wanachokihusisha na nywele ni figo. Hapa msomaji asichanganyikiwe. Figo wanaloliongelea wao si lile tu linalochuja mkojo. Kwao ni ghala ya nguvu ambayo mtu huzaliwa nayo, na ndiyo inayotawala kukua, kuzaa na kuzeeka. Kitabu chao mashuhuri kiitwacho Huangdi Neijing, chenye umri wa miaka 2,000 hivi, huhesabu maisha ya mwanamke kwa saba-saba. Akiwa na miaka 7 meno hubadilika na nywele hurefuka. Miaka 14 hupata hedhi. Miaka 28 nywele zake huwa katika ukamilifu wake. Miaka 35 uso huanza kufifia na nywele kunyonyoka, miaka 42 mvi huingia, na miaka 49 hedhi hukoma. Wanaume huhesabiwa kwa nane-nane, na nywele zao huanza kuanguka wakiwa na miaka 40. Kwa hiyo wenzetu mliofika thelathini na mitano msinune. Baba naye hakusahauliwa.

Kutokana na mafundisho hayo, mganga wa Kichina akiletewa kichwa chenye upara hatazami kichwa pekee. Hutazama ulimi, hushika mapigo ya mikono yote miwili, huuliza juu ya hedhi, usingizi, choo na idadi ya watoto. Hapa tunampa heko, maana sisi wauguzi nasi tunakutana na mama aliyekuja kulalamikia nywele, kumbe ukifunua kope la chini ni jeupe kama karatasi.

Sasa tuseme sayansi ya leo inavyoeleza. Kichwa cha mtu kina nywele kama 100,000, na kila siku nywele 50 hadi 100 huanguka bila sisi kujua. Unywele hukua kwa miaka kadhaa, hupumzika kama miezi mitatu, kisha huanguka kumpisha mwenzake. Wakati wa mimba, homoni ya estrojeni huzichelewesha nywele zisiende kupumzika, na ndiyo sababu mjamzito huonekana ana nywele nyingi. Akijifungua, homoni hushuka ghafla, na zile zote zilizochelewa huingia mapumzikoni pamoja. Miezi miwili hadi minne baadaye huanguka pamoja. Hazijafa. Kwa wanawake walio wengi hurudi kabla mtoto hajapita sana mwaka mmoja, hata kama mama hakupaka kitu. Lishikeni jambo hili, maana ndilo linalowatajirisha wauza dawa: mama anakunywa chupa tatu, nywele zinaota kwa wakati wake, na sifa zote zinakwenda kwenye chupa.

Wachina nao wana desturi inayofanana na arobaini yetu. Mzazi hukaa ndani mwezi mzima, hulishwa mayai, supu ya kuku, tangawizi na tende nyekundu za kwao, wala hagusi maji baridi. Zamani hakuruhusiwa hata kuosha nywele mwezi wote huo, kwa hofu kwamba upepo na baridi vitaingia mwilini kupitia kichwani. Katika nyumba isiyo na moto, wakati wa baridi kali ya kaskazini mwa China, hofu hiyo ilikuwa na maana yake. Leo wengi wao huosha kwa maji ya moto yaliyochemshwa na tangawizi, kisha hukausha nywele mara moja. Kwetu sisi wenye joto, mzazi aoshe kichwa chake. Uchafu na jasho haviotesha nywele. Lakini ile sehemu ya kupumzika na kulishwa, tungependa mama wakwe wote waisome.

Juu ya chakula, husifu vitu vyeusi: ufuta mweusi, maharage meusi ya soya, pamoja na jozi. Sababu yao ni kwamba kila kiungo kina rangi yake, na rangi ya figo ni nyeusi. Sisi hatuamini kwamba weusi wa ufuta hutoka tumboni ukapanda kwenye nywele. Hata hivyo ufuta ni chakula kizuri chenye mafuta, protini na madini, uwe mweusi au mweupe. Ukaange kidogo, uutwange, uunyunyize kwenye uji. Kwa kuongeza damu, maini, dagaa na maharage yana nguvu zaidi. Kula pamoja na chungwa au ndimu, na chai iache mpaka saa moja baada ya chakula, kwa sababu huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini.

Kuna pia habari ya kuchana. Tabibu Chao Yuanfang, aliyeandika kitabu kikubwa juu ya vyanzo vya magonjwa mwaka 610, alisifu kuchana nywele mara nyingi mno ili kuzuia mvi. Mpaka leo wazee wa Kichina huchana asubuhi kwa kitana cha mti au cha pembe, wakikipitisha juu ya ngozi ya kichwa kuamsha damu. Nywele zao zimenyooka kama uzi. Zetu zimejikunja, nasi tukizichana hivyo zitakatika. Tumia ncha za vidole badala ya kitana, ukisugua taratibu, bila kucha. Na wakati huo nywele zinaponyonyoka, usisuke mabutu wala rasta za kubana mpaka nyusi zinainuka. Upara wa kuvutwa hauna homoni ya kuurudisha, na ukikaa miaka mingi haurudi tena.

Tumefika kwenye mzizi wenyewe. Dawa nyingi za Kichina za nywele zina mzizi uitwao He Shou Wu, ambao kitaalamu ni Polygonum multiflorum. Jina hilo lina maana ya Bwana He mwenye kichwa cheusi. Hadithi yake iliandikwa tangu enzi ya wafalme wa Tang, zaidi ya miaka 1,000 iliyopita: familia ya He ilichimba mzizi wa mmea unaotambaa, ikaunywa, ikapata watoto wengi, na mjukuu akaishi zaidi ya miaka 100 nywele zake zikiwa nyeusi. Ni hadithi tamu. Waganga wenyewe hawautumii mzizi huo ovyo. Ukiwa mbichi huharisha, na kwa ajili ya nywele huupika kwanza kwa mvuke pamoja na maji ya maharage meusi mpaka ubadilike rangi.

Tatizo ni ini. Uingereza, idara inayosimamia dawa ilitoa tahadhari mwaka 2006 baada ya kupata taarifa za watu walioumia ini kwa kutumia mzizi huu. Mwaka 2014 serikali ya China yenyewe iliweka mipaka ya kiasi kinachoruhusiwa katika vyakula vya afya na kuagiza onyo kwa wenye maradhi ya ini. Wengi wa walioumia walipona walipoacha kuitumia, lakini wako waliokufa. Si mbichi tu, hata uliopikwa umeumiza watu. Tena huwezi kujua mapema ni nani atakayedhurika.

Mwenye kunyonyesha asiitumie kabisa. Vivyo hivyo mjamzito, mwenye homa ya ini, na yule anayetumia dawa za kifua kikuu au za VVU, ambazo zenyewe tayari hulipa ini kazi kubwa. Kwa jambo litakalokwisha lenyewe, hatari hiyo haina bei yake.

Msituelewe vibaya. Hatuidharau miti ya China. Dawa mseto ya malaria tunayowapa watoto wetu zahanati ilianzia kwenye mmea wa Kichina, na mama Tu Youyou aliyeigundua nguvu yake alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2015. Lakini mmea ule ulichujwa, ukapimwa, ukajaribiwa, na kipimo chake kikajulikana kwa kila uzito wa mtoto. Chupa ya dukani haikupitia njia hiyo.

Krimu nazo zina siri yake. Madaktari wa London walipima krimu 11 za mitishamba ya Kichina za magonjwa ya ngozi, wakatangaza matokeo mwaka 1999: krimu 8 zilikuwa na deksamethasoni, dawa kali ya hospitali ambayo haikutajwa. Huondoa muwasho upesi, kisha huikondesha ngozi. Mtoto mwenye mapunye akipakwa krimu ya namna hiyo kichwani, fangasi huenea kwa raha. Mapunye hutibiwa kwa vidonge vya kumeza kutoka kwa daktari.

Mzazi ambaye nywele zake zinazidi kupungua mtoto akiwa amepita mwaka, au anayeishiwa pumzi akipanda ngazi, au moyo unakwenda mbio, au anahisi baridi wenzake wakitokwa jasho, aende apimwe wingi wa damu na tezi ya shingo. Mabaka ya mviringo yasiyo na unywele hata mmoja nayo yaonwe na daktari.

Na wewe ambaye tayari unakunywa dawa hiyo ya mzizi, iache leo. Macho yakiwa ya manjano, mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, au chakula kikakuchukiza na upande wa kulia chini ya mbavu ukauma, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Chukua chupa au pakiti uende nayo, hata kama maandishi yote ni ya Kichina, na uitoe kabla hujaulizwa.