Tule Wapi Masasi?

Kila nishukapo Masasi nikiulizia pa kula, naelekezwa penye chipsi. Viazi husafirishwa kutoka nyanda za juu, ilhali muhogo na mbaazi vimejaa sokoni. Korosho ndiyo fedheha kubwa zaidi. Viwanda vya kubangua vilijengwa Masasi na Newala miaka ya 1970, lakini hadi leo sehemu kubwa ya zao hili huuzwa ghafi India na Vietnam. Mpishi wa Hanoi aweza kuitia korosho yetu mchuzini. Mimi, Newala penyewe, naletewa kachumbari! Ndugu watumishi mnaoidhinisha malipo ya chakula cha semina, nani aliyewakataza kumwagiza mama ntilie ugali wa muhogo na kisamvu kilichoungwa kwa korosho?