Paka, Maua na Amana ya Nyumba



Wapenzi wasomaji, juma hili tulikuwa tumekusudia kuzungumza nanyi juu ya mapazia na mapambo ya nyumba kwa ajili ya Idi. Mwenyezi Mungu amekadiria vingine. Tumefikwa na jambo nyumbani mwetu lililotufanya tuyatazame mapambo hayo kwa jicho jingine, na tumeona si haki kulinyamazia, kwani huenda jambo hilo hilo limejificha leo katika ukumbi wa mmoja wenu.

Ijumaa usiku tulirejea kutoka kwenye harusi ya mpwa wetu. Maua yaliyopambia jukwaa yaligawiwa watu wa nyumbani, nasi tukapata shada la maua makubwa meupe, yenye ncha zilizojipinda nyuma na harufu iliyojaa chumba kizima. Ni maua ya lili, ambayo baadhi yetu huyaita mayungiyungi. Tuliyatia katika jagi la kioo, tukaliweka juu ya meza ya ukumbini, tukalala.

Nyumbani mwetu mna paka aitwaye Zabibu. Binti yetu wa miaka tisa alimwokota akiwa mchanga, ndani ya mtaro, katika mvua za masika. Tangu siku hiyo hatumwachi atoke nje, kwa kuchelea pikipiki na mbwa. Tunaomba msomaji alikumbuke neno hili, kwani tutalirudia: sisi ndio tuliomfungia mlango.

Alfajiri ya Jumamosi, tulipoamka kwa ajili ya swala, tulimkuta akitapika kando ya mkeka. Nyanya alisema amekula mjusi, na kauli yake ilikuwa na uzito, kwani paka wote tuliokua nao walikula mijusi, wakatapika, wakapona. Tulimwekea maziwa kidogo. Ilipofika saa nne asubuhi kutapika kulikoma. Alijikunja chini ya kochi akalala, nasi tukamshukuru Mola, tukaendelea na kazi zetu.

Aliyetuzindua ni mtoto. "Mama, mbona Zabibu ana bizari puani?" Tulipomwinua paka tuliona unga wa rangi ya manjano iliyoiva, umeshika pua na manyoya ya kifua. Tukaiendea meza. Unga ule ule ulikuwa umedondoka kutoka ndani ya maua, na jani moja lilikuwa limetafunwa ncha, alama za meno zikionekana wazi.

Jirani yetu mmoja anayefuga paka alitupa nambari ya daktari wa wanyama. Daktari alituuliza mambo matatu: ni mmea gani, ameula lini, na ametapika mara ngapi. Tulipotaja lili hakungoja jibu la pili wala la tatu. Alisema, "Mleteni sasa hivi, na mje na jani lenyewe." Tulimwambia kwamba ameshatulia na amelala. Akatujibu kwamba utulivu huo ndio unaomtia hofu.

Baadaye alitueleza kwa utulivu yale ambayo laiti tungaliyajua kabla. Sumu ya lili huziharibu figo za paka. Kila sehemu ya mmea ina sumu hiyo: ua, jani, shina, chavua, hata maji ya jagi. Paka hahitaji kula mengi. Chavua iliyomshika manyoya yatosha, kwa sababu paka hujisafisha kwa ulimi. Hutapika saa chache za mwanzo, kisha akaonekana amepata nafuu, na watu wa nyumba wakadhani shida imekwisha. Huku ndani figo zinaharibika, na katika muda wa siku moja hadi tatu huweza kuacha kazi kabisa. Hakuna dawa maalumu ya kuivunja sumu hiyo. Tiba ni kuiondoa mapema mwilini kadiri iwezekanavyo, na kumpa paka maji ya mshipani kwa siku mbili au tatu ili figo zisaidike. Tiba hiyo ikianza mapema, wengi hupona. Ikichelewa kupita saa 18 hivi, matumaini hupungua sana.

Ndani ya tuktuki tulikuwa tukizihesabu saa kwa vidole. Tulimwona mzima saa tano usiku. Sasa adhana ya adhuhuri ilikuwa imekwisha kuadhiniwa. Binti alikuwa amekipakata kikapu kilichofunikwa leso, hasemi neno, ila kila tulipopita tuta alikiinua kidogo kwa mikono miwili.

Tulipokuwa tunatoka mlangoni, mmoja wa majirani alituuliza: fedha zote hizo kwa paka, na maskini wamejaa mtaani? Swali hilo si la kudharauliwa, na hatukulijibu kwa haraka. Tulilala nalo siku tatu ambazo Zabibu alikuwa amefungwa mpira wa maji mguuni kwa daktari, na haya ndiyo tuliyoyafikia.

Sote tunaijua hadithi ya yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Wengi wetu huisimulia kama kisa cha ukatili tu. Lakini lawama aliyobebeshwa, kama ilivyopokewa katika Bukhari na Muslim, ni kwamba alimfungia paka, kisha hakumlisha, wala hakumwacha huru ajitafutie. Uzito wote umo katika kule kufungia. Paka wa vichochoro vya Mji wa Kale au wa Lamu huchagua mwenyewe pa kulala na cha kula. Paka tuliyemfungia mlango hana chaguo ila katika vile tulivyomwekea. Tukimwekea chakula, tumetimiza. Tukimwekea sumu bila kujua, na tukazinduliwa, hatuwezi tena kusema ni paka tu.

Tunakumbuka vilevile kisa cha Abu Qatada, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, aliyekuwa akitiliwa maji ya udhu na mke wa mwanawe. Paka akaja, naye akakiinamisha chombo ili anywe. Mkwewe alipostaajabu, alimweleza kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alifundisha kuwa paka si najisi, bali ni katika wale wanaotuzunguka majumbani. Basi mwenye kutuzunguka nyumbani ana haki ya kuzunguka kwa salama.

Kwa upande wa fedha, hatukugusa zaka wala sadaka ya mtu. Tulitumia zile tulizoziweka kwa ajili ya mapazia mapya, na mapazia ya mwaka jana yatafuliwa, yatapigwa pasi, yatatundikwa tena. Tunajua pia kwamba ziko nyumba ambazo hazina akiba hiyo, na asiyeweza hana lawama. Ndiyo maana tumeandika: kukinga hakugharimu shilingi, na maskini na tajiri wako sawa katika kuondoa jagi mezani.

Basi tuitazame mimea ya majumbani mwetu. Lili halisi, pamoja na ile lili ya siku ambayo ua lake hudumu siku moja, zisiingie kabisa katika nyumba yenye paka. Kuziweka juu ya kabati hakusaidii, kwa kuwa paka hupanda na chavua hudondoka.

Saikadi, ule mmea ufananao na mtende mfupi wenye majani magumu, ambao wengi wetu tumeuweka kwenye vyungu kando ya mlango, sehemu zake zote zina sumu inayoharibu ini, na mbegu ndizo mbaya zaidi. Oleanda, yenye maua meupe au ya waridi, hudhuru moyo. Waridi la jangwani, lenye shina nene kama chupa, ni jamaa yake, na utomvu wake umetumiwa Afrika kutilia sumu mishale. Hii mitatu haimdhuru paka peke yake. Humdhuru mbwa, mbuzi, na mtoto mdogo anayetia kila kitu kinywani. Mwenye mtoto atambaaye asingoje kufuga paka ndipo aiondoe.

Iko mingine iliyo nyepesi kuliko hiyo. Difenbakia yenye majani mapana ya madoadoa, monstera yenye majani yaliyopasuka, na ule mmea wa kutambaa tunaouita mmea wa pesa, yote ina chembe kama sindano ndogo zinazochoma kinywa. Paka hutokwa mate, hujisugua uso na hukataa kula. Ni maumivu, na yafaa kumwona daktari, lakini ni nadra kuua. Ule mmea wa chungu wenye ua jeupe moja kama tanga, unaouzwa kwa jina la lili ya amani, uko katika kundi hili; jina ni la lili, sumu si ile.

Na likitokea la kutokea, fanyeni haya. Mwondoeni paka penye mmea, na mzuieni asijirambe. Chavua ikiwa imemshika, mfuteni kwa kitambaa kibichi. Chukueni jani au picha ya mmea. Mpigieni daktari wa wanyama mara moja, msingoje dalili wala msidanganyike na nafuu. Msimpe maziwa mkidhani yataondoa sumu. Msimlazimishe kutapika kwa chumvi wala mafuta, kwani chumvi nyingi ni sumu nyingine, na mafuta huweza kuingia mapafuni. Wala msimpe Panadol. Dawa hiyo inayotutuliza sisi humuua paka. Nambari ya daktari iandikeni leo na mwibandike ukutani, kwa sababu sisi tulipoteza muda kuitafuta huku mikono ikitetemeka.

Zabibu alirudi Jumanne jioni. Vipimo vya damu vilionyesha kwamba figo zimesalimika, na daktari ametutaka tumrudishe vipimo virudiwe. Amekonda, na mguu wake una kipara pale aliponyolewa. Nyanya, aliyesema ni mjusi, ndiye aliyemchambulia samaki kwa vidole vyake usiku ule, mwiba baada ya mwiba, bila kuombwa. Binti alituuliza kama Mwenyezi Mungu angalituadhibu iwapo Zabibu angalikufa. Tulimjibu kwamba Mola hamwadhibu mtu kwa asilolijua, lakini sasa tumeshajua.

Jagi la kioo liko pale pale mezani. Ndani yake mna asmini, waridi na vikonyo vya rihani, maua ya bibi zetu, ambayo yote matatu hayana sumu kwa paka. Ukumbi unanukia vizuri, na anayetuzunguka amelala chini ya kochi, usingizi wa kweli safari hii.