Pazia Lililopauka na Deni Lisilopauka



Ndugu zetu wasomaji, majuzi tulisafiri kwenda Meru kuwazuru jamaa zetu wa Majengo. Tuliishika njia izungukayo Mlima Kenya kwa upande wa mashariki, ipitayo Embu na Chuka. Tulipokewa kwa bashasha, na ukumbini tukayaona mapazia ya buluu iliyokolea, tukadhani yametoka dukani asubuhi ile. Tukayasifu. Binti wa ndugu yetu, mwenye nyumba, akainamisha kichwa, akasema: "Ami, ni yale yale ya zamani. Yalibakia kidogo tu yanitie katika riba."

Kisha akatusimulia. Aliposikia kwamba tunakuja, aliyatazama mapazia yake yaliyopauka kwa jua na kushika wekundu wa udongo wa kule, akaona haya. Mkono wa mumewe ulikuwa mkavu mwezi ule. Akaishika simu ili aombe mkopo, ule unaorudishwa na ziada. Mavyaa wake, aliyekuwa amefika kutoka Embu, akamwambia: "Mwanangu, weka simu chini. Nguo ni nzima, iliyokwenda ni rangi. Rangi hununuliwa kwa pakiti."

Tulinyamaza kwa muda. Sisi tunaoipinga riba juu ya mimbari, ugeni wetu wenyewe nusura uwe mlango wake. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo, mwenyeji akope.

Pazia katika nyumba ya Muislamu ni sitara kabla ya kuwa pambo. Kazi yake ni kuwalinda watu wa ndani na jicho la nje, na kazi hiyo pazia lililopauka huifanya sawasawa na jipya. Tena tunalo funzo katika nyumba ya Mtume wetu (S.A.W.). Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Bibi Aisha (R.A.) alitundika pazia lenye picha, na Mtume aliporejea safarini hakuridhika nalo. Likaondolewa, lakini kitambaa hakikutupwa: Bibi Aisha alikikata akafanya mto wa kuegemea, na katika mapokezi mengine mito miwili. Nguo iliyokosa kazi moja ikapewa kazi nyingine.

Tulimwomba yule mama wa Embu atueleze alivyofanya, nasi tunayanakili kwa faida ya akina mama wa huku. Kwanza huchomoa uzi mmoja na kuuchoma kwa kiberiti. Ukiungua kama karatasi na kuacha jivu laini, hiyo ni pamba, nayo hunywa rangi vizuri. Ukiyeyuka na kuganda kama shanga ngumu, hiyo ni poliesta, na rangi ya kawaida haitaishika. Pili, huivuta nguo kwa mikono miwili pale ilipopigwa na jua zaidi. Ikichanika, huiacha, kwani rangi haiponyi nguo iliyooza.

Akishayatoa mapete, huyafua mapazia kwa sabuni mpaka vumbi na mafuta vitoke, huyasuza, na huyaacha yakiwa mabichi. Rangi huikoroga pembeni kwa maji ya moto na kuichuja, isiache madoa. Kisha huimimina katika sufuria kubwa isiyopikiwa tena chakula, yenye maji ya moto ya kutosha nguo kuelea, na kwa kila lita 10 hutia kikombe kimoja cha chumvi ili rangi ishike. Hujaribu kwanza kwa kipande kidogo, kwa sababu rangi mpya huchanganyika na ya zamani: buluu juu ya manjano huzaa kijani. Pazia lililopauka mabakamabaka hulichagulia rangi nzito kuliko ile ya awali. Hugeuza kwa mti bila kupumzika, nusu saa hadi saa nzima, kisha husuza mpaka maji yatoke meupe, na huanika kivulini. Mifuo ya kwanza huyafua peke yake, yasije yakachujukia kanzu za watu.

Elimu hii si ngeni kwetu. Mama zetu wa pwani huchemsha ukindu katika rangi kabla ya kusuka mikeka, na wanawake wa milimani huitia rangi katani ya vyondo. Tumeisahau tu tulipozoea kununua.

Adabu mbili hatuna budi kuzitaja. Maji ya rangi yasimwagwe mtoni wala mlangoni kwa jirani. Kathita ya Meru na Rupingazi ya Embu maji yake huishia katika mto Tana, na Tana humwagika baharini karibu na Kipini. Kwa hiyo jirani wa mtu wa Meru yuko hata huku kwetu. Na anayetaka kuyauza mapazia aliyoyatia rangi, amweleze mnunuzi ukweli. Mtume (S.A.W.) aliingiza mkono katika rundo la nafaka sokoni akakuta umajimaji chini, akamkemea muuzaji kwa kuuficha. Rangi juu ya nguo kuukuu inayouzwa kama mpya ni umajimaji ule ule.

Nasi wageni tuna sehemu yetu. Tulipokuwa tukiagana tulimwambia binti yetu kwamba lau tungeyakuta mapazia yamepauka, tungeketi na kula vilevile. Akatabasamu, akajibu: "Ami, ungenambia hayo kabla hujaja." Alisema kweli. Tangu siku hiyo, tukitoa habari ya safari kwa jamaa, tunaongeza neno moja: tupokeeni kwa hali mliyo nayo.

Mwenyezi Mungu atusitiri kwa halali yake, atukinge na riba na israfu. Wabillahi tawfiq.