Piropo Si Shairi

Mwanamke anayekusudia kuizuru Buenos Aires peke yake hupewa nasaha nyingi hata kabla hajafunga mizigo. Huambiwa kwamba Palermo na Recoleta ni mitaa salama. Kwamba huko La Boca asitoke nje ya Caminito, penye nyumba za mabati ya rangi. Na kwamba Constitución na Retiro, kwenye vituo vya treni, asipite usiku. Nasaha hizo si za kubezwa, kwani wezi wa mifukoni wapo na hadhari haimdhuru mtu. Hata hivyo, zina kasoro kubwa: zinaulinda mkoba, hazimlindi mwenye mkoba.

Kinachomfuata mwanamke njiani hakijui mpaka wa mtaa. Wenyeji hukiita piropo, yaani tamko la sifa ambalo mwanamume humrushia mpita njia asiyemjua. Husikika Palermo kama lisikikavyo Constitución, kwa mvaa suti kama kwa fundi mwashi. Aghalabu huanza kwa kusifu macho na kuishia kwa kuutukana mwili, wala anayeambiwa hana njia ya kujua kitakachofuata: kicheko, au nyayo nyuma yake.

Watetezi wa ada hiyo hudai kuwa ni ushairi wa barabarani. Mwaka 2014 Mauricio Macri, aliyekuwa mkuu wa serikali ya jiji hilo na baadaye rais wa Argentina, alitamka redioni kwamba wanawake wote hupenda piropo, hata likiambatana na utovu wa adabu. Lawama zilimshukia, naye akaomba radhi.

Dai hilo lilistahili kukanushwa na washairi kabla ya wanasheria. Shairi humwachia msikilizaji hiari ya kulipokea, kulijibu au kulipa kisogo. Katika pwani hii, ambako malumbano ya kujibizana ni fani yenye heshima, kila mtunzi anajua kwamba anayerusha ubeti huungoja wa mwenzake. Lakini mwanamke aliye peke yake usiku akilijibu piropo hujitia hatarini. Akinyamaza, huhesabiwa ameridhika. Ni utungo gani huo ambao mlengwa wake hana jibu lililo salama?

Wanawake wa Argentina hawakukaa kimya. Tarehe 3 Juni 2015 umma mkubwa ulifurika mbele ya Bunge la nchi kwa wito wa Ni Una Menos, yaani asipungue hata mmoja. Desemba 2016 jiji likapitisha sheria ya kuwaadhibu wanaowabughudhi watu njiani, na mwaka 2019 sheria ya taifa ikatambua bughudha hiyo kuwa aina ya ukatili dhidi ya wanawake. Hizo ni hatua za kweli, lakini nasaha kwa msafiri zimebaki zilezile, na hatari yake ni kwamba msiba ukitokea hugeuka hukumu.

Februari 2016 wasichana wawili wa Argentina waliuawa Montañita, Ekuador, wakiwa safarini. Wapo waliouliza mara moja kwa nini walisafiri peke yao. Walikuwa wawili, tena marafiki! Machoni pa waulizaji hakikukosekana kitu ila mwanamume. Wanawake wengi wa Amerika ya Kusini walijibu kwa kauli fupi: viajo sola, nasafiri peke yangu.

Buenos Aires imezipa barabara za Puerto Madero majina ya wanawake, na tangu mwaka 2001 ina Daraja la Mwanamke. Kuandika jina la mwanamke kwenye kibao ni kazi nyepesi. Kazi iliyobaki ni kumwacha aliye hai apite chini ya kibao hicho bila kusemeshwa asichokitaka, na akidhuriwa, aulizwe aliyemdhuru, si yeye, alikuwa akitafuta nini njiani.