Neno la Ujiji na kilio cha Nyangwe

Sisi walimu tuna desturi moja mbaya, na leo tunaisema wazi. Tunafundisha watoto maneno ya watu wakubwa sawa vile tunavyowafundisha kuhesabu: unalishika neno, unaliandika katika disertasio, unapata alama. Nani alilisema, aliishi namna gani, na ni nani aliyelilipia? Hapo kimya.

Mfano uko karibu. Uliza mwanafunzi yeyote wa Kasongo ao wa Kabambare. Atakwambia upesi namna Stanley alivyofika Ujiji mwaka 1871, akavua kofia, akamwambia mzungu mwenzake kwamba anadhani yeye ndiye Daktari Livingstone. Dunia nzima inalijua neno hilo. Kumbe kurasa za siku hiyo katika daftari ya Stanley zilipasuliwa, na Livingstone alipoandika juu ya kukutana kwao hakulitaja. Yule Stanley alizaliwa Wales kwa jina la John Rowlands, akalelewa katika nyumba ya maskini, kisha akajipatia jina lingine huko Marekani. Mtu aliyejitungia jina, kujitungia neno kunamshinda nini?

Sasa tuulize swali ambalo halimo katika masomo. Livingstone alikuwa anatoka wapi alipofika Ujiji, mgonjwa na mikono mitupu? Alikuwa anatoka kwetu. Mwaka 1870 alikaa miezi mingi Kabambare, ile aliyoiandika Bambarre, vidonda vya miguu vimemfunga. Kisha akafika Nyangwe, kandokando ya Lualaba, ndani ya teritwari yetu ya Kasongo ya leo. Tarehe 15 Julai 1871 soko lilikuwa limejaa, watu karibu 1.500, wengi wao wamama. Kukawa na mabishano juu ya bei ya kuku. Mara watu wa wafanyabiashara waliotoka pwani wakaanza kupiga bunduki. Wamama wakakimbilia mitumbwi, mitumbwi ikapinduka, mto ukawameza. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria kwamba waliokufa walikuwa kati ya 330 na 400.

Karatasi zilikuwa zimemwishia Livingstone. Habari hiyo aliiandika juu ya gazeti la zamani, kwa wino wa matunda ya porini kwetu. Maandishi yakafifia, mpaka mwaka 2011 wataalamu wakayatoa tena kwa mashine za picha. Lakini habari yenyewe ilikuwa imefika Uingereza zamani, ikatia nguvu sauti za waliomsonga Sultani wa Zanzibar, na mwaka 1873 soko la watumwa la kule likafungwa. Basi, neno gani ndilo kubwa? Lile la kuvua kofia, ao hili lililoandikwa kwa maji ya matunda yetu?

Tunajua watakaotujibu: «Mwalimu, acha kufukua makaburi.» Na sababu yao tunaijua. Tippu Tip alifanya Kasongo makao yake. Wengine kati yetu ni wajukuu wa waliopiga bunduki, wengine ni wajukuu wa waliopigwa, na wengi tuna damu zote mbili. Hatutafuti deni kwa mtu. Tippu Tip mwenyewe hakuona haya: alieleza maisha yake kwa Kiswahili, kwa maneno yake mwenyewe, yakachapwa Ujerumani akingali hai. Stanley ana kitabu, Livingstone ana kitabu, Tippu Tip ana kitabu. Yule mama aliyebeba kuku wake kwenda soko hana hata sentensi moja.

Njo maana tunapinga ile tabia ya kusema kwamba maneno makubwa yanatoka vitabuni, na maneno ya nkambo zetu ni methali tu, hayana mwenyewe. Si kweli. Kila methali ilitoka siku ya kwanza kinywani mwa mtu: alikuwa na shamba, alikuwa na watoto, alikuwa na jambo lililomuuma siku ile. Jina lake tulilipoteza siye wenyewe, halafu tunasema hakuwa na jina!

Kwa hiyo tunawaambia walimu wenzetu: msifundishe tena Ujiji bila kupitia kwanza Nyangwe. Na kila mwanafunzi, kabla hajaleta sitasio moja ya kitabuni, alete neno moja la mzee wa kwao. Aliandike pamoja na jina la mzee, kijiji chake, kazi aliyoifanya, vita alivyovikimbia, na siku alipolisema neno hilo na sababu yake. Mzee akisema leo amechoka, mtoto arudi kesho. Asirudi mwaka kesho, maana wazee hawangoji. Kaye moja na kalamu vinatosha. Hatuna haja ya kukamua matunda ya porini.