Sura ya Gari Isiseme Uongo

Wapo waungwana wanaodai kwamba mnunuzi mwenye akili hatazami sura ya gari, hutazama injini. Mimi nasema huo ni unafiki. Anayetoa mamilioni kwa gari la kifahari lenye mbio, ilhali gari dogo lingemfikisha kule kule kazini, amenunua sura kwanza. Hesabu za injini amezitafuta baadaye, apate la kujitetea.

Kununua sura si dhambi. Umbo lina habari zake. Gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, injini yake ikiwa imewekwa kwa urefu, aghalabu huwa na boneti ndefu na magurudumu ya mbele yaliyosogea karibu na bampa. Jicho lililozoea hulitambua hilo mara moja.

Dhambi ni sura kusema uongo. Mwaka 2001 Jaguar, wakati huo mali ya Ford, ilitoa X-Type. Gari hilo lilivikwa taa nne na mikunjo ya boneti ya kaka yake mkubwa, XJ. Lakini lilijengwa juu ya msingi wa Ford Mondeo, injini ikakaa kwa upana. Halikuwa gari bovu. Hata hivyo watu hawakukawia kuujua ukoo wake, mauzo hayakufikia lengo, na mwaka 2009 likaachwa kutengenezwa.

Wahenga walisema kizuri chajiuza. Kweli, lakini chajiuza mara moja tu. Mara ya pili mnunuzi huufunua mkakasi kwanza, atazame ndani mna nini.